Mwongozo kamili: Kuandaa Mazda MX-5 ya zamani kwa mbio za klabu

Wasomaji wanaoishi Marekani wanaendelea kuuliza jambo lile lile kwa sura tofauti: gari limenunuliwa, fedha zimekwisha, na bado mkaguzi amelirudisha nyumbani kabla halijagusa lami ya uwanja wa mbio. Wengine hupita ukaguzi, lakini gari huchemka katika kipindi cha kwanza, au pedali ya breki huzama hadi sakafuni penye kona ambayo breki inahitajika zaidi. Karibu mara zote chanzo ni mpangilio wa kazi. Mtu ameanza na ekzosi na rimu za kuvutia, akaacha kitabu cha kanuni, rejeta na mikanda ya usalama vije mwisho.

Gari linalozungumziwa hapa ni Mazda MX-5, ambalo Wamarekani huliita Miata: kizazi cha kwanza, modeli za mwaka 1990 hadi 1997, na kizazi cha pili, 1999 hadi 2005. Daraja lake la mbio huitwa Spec Miata, na huendeshwa na klabu mbili kubwa, SCCA na NASA. Hii ya pili ni chama cha mbio za magari na haihusiani na roketi. Msomaji aliyeko Kenya atakumbuka kwamba sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 inamfungia mlango wa kuagiza gari la namna hii kutoka ng'ambo. Hata hivyo, sehemu za kupoza injini, breki na ukaguzi zitamfaa kwa gari lolote analolipeleka kwenye autokrosi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kufungua nati yoyote

- Kitabu cha kanuni cha klabu, toleo la mwaka huu, pamoja na fomu ya ukaguzi wa kiufundi.
- Jeki ya gereji, stendi nne, soketi za milimita, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kipimo cha kompresheni na geji ya upepo.
- Mkanda wa taimingi, pampu ya maji, themostati, sili za mbele za injini, hosi zote za maji na rejeta mpya.
- Pedi za mbio seti mbili, diski nne za kawaida, na mafuta ya breki ya mbio.
- Hubi mbili za mbele, boli jointi za chini, silinda ndogo ya klachi, na stadi mpya za magurudumu.
- Kiti cha mbio, mikanda ya pointi sita, wavu wa dirisha, mtungi au mfumo wa kuzima moto, swichi kuu ya umeme.
- Helmeti, suti isiyoshika moto, glavu, viatu, na kifaa cha kulinda shingo.

Usinunue vyote kwa siku moja. Vifaa vya usalama vina tarehe ya kuisha, na mikanda iliyokaa kabatini huku gari likisubiri fundi wa kuchomelea hupoteza muda wake bure. Mikanda yenye lebo ya FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) 8853-2016 huhesabiwa miaka 10, ile ya 8853/98 miaka 5, na klabu nyingine zina hesabu zao wenyewe. Soma lebo kabla ya kulipa, hasa unaponunua mtumba.

## Hatua ya 1: Kusoma kanuni kabla ya kununua gari

Katika kanuni za SCCA, jambo ambalo halikuandikwa kwamba linaruhusiwa huchukuliwa kuwa limekatazwa. Hapo ndipo wengi wanapoangukia, kwa kuwa wamezoea kufikiri kinyume chake: wakishaona hakuna katazo, wanaendelea. Springi nzuri, shokapu ghali na kichwa cha silinda kilichochongwa vinaweza kuwa bora kuliko vile vya daraja lako, na bado vikakuondoa kwenye matokeo.

Andika karatasi yenye mafungu matatu: vitu vya lazima, vitu vinavyoruhusiwa, na vitu vinavyopaswa kubaki kama vilivyotoka kiwandani. Angalia pia aina ya tairi inayotakiwa, kwa sababu SCCA na NASA hazilazimiki kutumia tairi moja, na uzito wa chini wa gari, ambao hupimwa dereva akiwa ndani baada ya mbio.

Nitasema pia jambo ambalo muuzaji wa vipuri hatakuambia: kama huna mapenzi ya kazi ya gereji yenyewe, nunua gari lililokwisha kujengwa na lenye daftari la ukaguzi. Karibu kila mara hugharimu pungufu ya kulijenga lako, kwa kuwa aliyelijenga harudishiwi fedha zake zote. Hata hivyo endelea kusoma, maana utahitaji kulikagua.

## Hatua ya 2: Kuchagua bodi na injini ya kuanzia

Rangi iliyopauka si tatizo. Kutu ndilo tatizo. Kagua vizingiti vya chini ya milango, hasa sehemu iliyo mbele ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu matundu ya kutolea maji ya paa la turubai huziba uchafu na maji hukaa ndani ya chuma. Katika kizazi cha pili piga magoti uangalie pia reli za chasisi za mbele. Fundi wa kuchomelea hawezi kufunga kizimba cha usalama, yaani mabomba yanayomlinda dereva gari likipinduka, juu ya chuma kilichooza, na mkaguzi mwenye uzoefu hugonga mahali hapo kwanza.

Magari ya mwanzo yenye injini ya lita 1.6, yale ya 1990 na sehemu ya 1991, yana krankshafti yenye ncha fupi, ambayo mkato wa ufunguo wa puli yake huweza kulika na kuacha puli ikiyumba. Hesabu mianya iliyo kwenye uso wa puli ya mbele: minne ni ncha fupi, minane ni ile iliyoboreshwa. Gari la mianya minne si la kukataliwa moja kwa moja, lakini injini ikiwa inawaka, itazame puli kutoka mbele. Ikiyumba, hiyo ni injini ya kubadilishwa, na bei ya gari lazima ishuke kwa kiasi hicho.

Pima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, injini ikiwa moto na pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa yote. Silinda nne kukaribiana ni muhimu kuliko moja kuwa na namba kubwa. Iliyo chini kwa zaidi ya asilimia 10 au 15 inahitaji maelezo. Toleo la 1.6 lina udhaifu mwingine, nao ni difu ndogo ambayo haivumilii mbio kama ile kubwa iliyokuja na injini ya 1.8 mwaka 1994. Angalia kama kanuni zako zinakuruhusu kuibadilisha.

## Hatua ya 3: Kuvua gari

Ondoa zulia, viti, turubai, mapambo ya milango na vitambaa vyote vilivyo karibu na mahali pa kuchomelea. Sababu ya kwanza si wepesi, bali moto: zulia na gundi ya lami iliyobandikwa sakafuni hushika cheche na kutoa moshi mbaya. Gundi hiyo hutoka kwa urahisi ikipozwa sana kwa barafu kavu kisha ikagongwa kwa nyundo ndogo. Vaa glavu nene na ufungue milango, kwani barafu hiyo huunguza ngozi na gesi yake hufukuza hewa safi.

Onyo kubwa la hatua hii linahusu mkoba wa hewa ulio kwenye usukani. Ndani yake mna kilipuzi. Ondoa waya za betri, ambayo katika gari hili iko kwenye buti, subiri, kisha utoe mkoba huo na kuubeba ukiwa umeelekezwa mbali na uso wako. Toa pia kufuli ya usukani, kwa kuwa usukani kujifunga gari likiwa kasini ni ajali isiyo na dawa, na wakaguzi hulitafuta jambo hili.

## Hatua ya 4: Kizimba cha usalama

Kizimba hiki, ambacho madereva wenyewe hukiita roli keji, ndicho kitu kimoja katika gari ambacho hakifai kufundishiwa kuchomelea. Mpe kazi fundi aliyewahi kutengeneza vizimba vilivyopita ukaguzi katika klabu unayokusudia, na mpe ukurasa wa kanuni ukiwa umechapishwa.

Vipimo hutofautiana kati ya klabu na klabu. Katika kanuni za FIA, bomba la tao kuu, lile lililo nyuma ya kiti cha dereva, huwa na kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au milimita 50 kwa 2.0, na mabomba mengine milimita 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0, yote yakiwa ya chuma kilichovutwa kikiwa baridi bila mshono. Gari jepesi kama MX-5 chini ya SCCA kwa kawaida hutumia bomba la inchi 1.5 lenye unene wa inchi 0.095. Bomba lenye mshono la dukani, lile la kutengenezea mageti, halikubaliki hata likiwa nene zaidi, kwa sababu hupasuka kwenye mshono linapokunjwa. Mkaguzi hudai tundu dogo kwenye bomba ili apime unene wake, kwa hiyo litobolewe mapema mahali pasipobeba mzigo.

Kila mguu wa kizimba usimame juu ya bamba la chuma linalogawa mzigo kwenye sakafu. Bila bamba, gari likipinduka mguu hutoboa sakafu kama msumari. Weldi izunguke bomba zima, hata upande usioonekana kwa urahisi. 

Dereva mrefu akae ndani ya gari, akiwa na helmeti na kiti chake halisi, kabla mabomba hayajakatwa. Kanuni hutaka tao kuu liizidi helmeti kwa inchi 2 hivi, sawa na sentimita 5, na gari hili ni dogo. Baadhi ya watu hawatoshi mpaka sakafu ya kiti ishushwe. Ni afadhali kulijua hilo sasa.

Kazi imekamilika vizuri iwapo milango inafungwa bila kugusa bomba, kila kiungo kinaonekana kimezungukwa na weldi sawasawa, na kila mahali helmeti inapoweza kugonga pamefunikwa kwa sponji ngumu yenye lebo ya usalama ya SFI 45.1. Sponji laini ya mabomba ya maji ya nyumbani hairuhusiwi.

## Hatua ya 5: Kiti, mikanda na mavazi

Kiti kifungwe kwenye sakafu au kwenye vyuma vya kizimba, wala si kwenye reli za zamani zilizochakaa. Mikanda ya mabega itoke kwenye bomba la kulala la tao kuu ikiwa sawa na mabega, au ishuke kwenda nyuma kwa pembe isiyozidi nyuzi 20. Ikishuka zaidi, wakati wa kugonga itakandamiza uti wa mgongo kwenda chini. Mkanda wa kiunoni upite juu ya mifupa ya nyonga, kamwe usipite tumboni. Kaza mikanda yote, kisha ujaribu kuzima umeme, kuvuta kizima moto na kutoa wavu wa dirisha bila msaada. Kama hufikii kimojawapo, kihamishe.

Helmeti iwe na lebo ya SA ya Snell, taasisi inayopima helmeti, kwa mfano SA2020. Ile ya pikipiki yenye herufi M haikubaliki katika mbio hizi, kwani haikupimwa kwa moto.

## Hatua ya 6: Swichi kuu ya umeme

Hapa ndipo magari mengi mapya hukataliwa, na kosa ni lile lile. Mjenzi hukata waya wa betri peke yake, mkaguzi huzungusha swichi injini ikiwa inanguruma, na injini huendelea kunguruma kwa sababu altaneta inailisha umeme. Swichi inayofaa ina jozi mbili za nyongeza za ncha za waya: moja hukata umeme wa kuwashia injini, na nyingine hupeleka umeme wa altaneta kwenye rezista ili isiunguze diodi zake.

Jaribu mwenyewe. Washa injini, washa taa, panda hadi mizunguko 3,000, kisha zima swichi. Injini ife mara moja na taa zizimike. Funika ncha chanya ya betri kwa plastiki, ifunge betri kwa chuma imara, na ubandike alama ya radi nje ya gari karibu na swichi ili waokoaji waione.

## Hatua ya 7: Injini na upoaji

Usitafute nguvu za farasi katika hatua hii. Tafuta injini itakayomaliza siku. Badilisha mkanda wa taimingi, ambao kiwanda huutaka kila maili 60,000, na ukiwa hapo badilisha pampu ya maji, sili na themostati, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ile ile. Katika injini ya 1.6 mkanda ukikatika valvu hazigongi pistoni, lakini mbio yako imekwisha siku hiyo.

Injini hii ilizaliwa ya kulala kwa upana katika magari madogo ya Mazda, kisha ikageuzwa kwa urefu ndani ya MX-5. Matokeo yake, maji huingia na kutoka upande wa mbele, na silinda ya nne, iliyo nyuma kabisa, hupata mzunguko hafifu zaidi. Wako wanaobadilisha njia ya maji ili yatokee nyuma. Ni kazi nzuri, ila usiiguse kabla ya kusoma kanuni za daraja lako.

Ya kuanza nayo ni haya, na kwa kawaida yanatosha. Rejeta ya zamani yenye kichwa cha plastiki kilichogeuka rangi ya kahawia itupwe, kwa maana plastiki hiyo hupasuka bila kutoa taarifa. Rudisha kifuniko cha chini cha mbele, kile cha plastiki ambacho magari mengi yamekipoteza. Bila hicho hewa hupita chini ya rejeta badala ya kupita ndani yake. Ziba nafasi za pembeni kwa sponji. Tumia maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu, kwa sababu viwanja vingi hukataza kipoozaji chenye glaikoli, ambacho kikimwagika huifanya lami iteleze.

Usiiamini geji ya joto ya dashibodi, kwani sindano hukaa katikati kwa muda mrefu na inapopanda umekwisha kuchelewa. Kuhusu geji ya oili, magari ya hadi 1994 huonyesha presha halisi. Kuanzia 1995 sindano hufanya kazi kama swichi tu, ama ipo ama haipo. Funga geji mbili za kweli.

Umefaulu ikiwa gari linakimbia dakika 20 mchana wa jua, joto likatulia mahali pamoja, na baada ya kupoa kiwango cha maji hakijashuka.

## Hatua ya 8: Breki

Breki za MX-5 zinatosha kwa uzito wake. Kinachoshindwa ni pedi na mafuta. Mafuta ya DOT 3 huchemka yakiwa mapya kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, na yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140. DOT 4 ya kawaida ni 230 na 155. Mafuta ya mbio huvuka 300 yakiwa mapya. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama. DOT 5 ya silikoni isitumike, wala isichanganywe na mengine.

Safisha kaliperi, hakikisha pini zake zinateleza, badilisha hosi za mpira za tangu kiwandani, kisha toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Pedi mpya lazima zipashwe: breki kadhaa za wastani, kisha nzito zaidi, bila kusimama kabisa, halafu mzunguko mmoja wa kupoza. Ukisimama huku umekanyaga pedali zikiwa moto, pedi huacha alama kwenye diski na usukani utatetemeka siku nzima. Diski za kawaida zisizotobolewa zinafaa zaidi. Zenye matundu hupasuka kuanzia kwenye tundu.

Pedali ikiwa ngumu na juu vile vile mwishoni mwa kipindi kama mwanzoni, kazi imekubali.

## Hatua ya 9: Hubi, sehemu za chini na alaimenti

Hubi za mbele za gari hili huja pamoja na beringi zake, na tairi za mbio huzichosha haraka. Zihesabu kama pedi za breki, yaani kitu cha kununuliwa kila mara, na ubebe moja ya akiba. Badilisha boli jointi za chini na silinda ndogo ya klachi, ambayo huvuja karibu kwa kila MX-5 iliyozeeka na bei yake ni ndogo. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kupimia, kati ya Nm 90 na 115, na zirudiwe baada ya kila kipindi.

Springi na shokapu ni zile ambazo daraja limezitaja, kwa hiyo uamuzi wako umo kwenye alaimenti. Kwa tairi za mbio, kemba hasi (gurudumu kuinamia ndani upande wa juu) ya nyuzi 3 hivi mbele na pungufu kidogo nyuma ni pa kuanzia. Mbele magurudumu yaelekee sawa, nyuma yaingie ndani kidogo ili gari litulie. Pima ukiwa umekaa ndani, au umeweka mifuko yenye uzito wako kwenye kiti, na uombe fundi asawazishe uzito wa gari kwenye mizani ili jumla ya magurudumu mawili yanayokabiliana kimshazari ikaribie asilimia 50 ya uzito wote. Gari lisilosawazishwa hugeuka vizuri kushoto na vibaya kulia, na dereva hujilaumu bure.

## Hatua ya 10: Siku ya majaribio, kisha ukaguzi

Usilipeleke gari jipya moja kwa moja kwenye mbio. Liandikishe katika siku ya mafunzo ya udereva wa uwanjani, ambayo NASA huiita HPDE, penye vipindi vifupi na mwalimu wa pembeni. Aliyeko Columbus ana Mid-Ohio karibu, na waliozunguka Washington wana Summit Point. Wanaokusudia Laguna Seca waulize kwanza kikomo cha kelele cha siku hiyo, kwa sababu uwanja huo hupima kila gari na kuwaondoa wanaokizidi.

Katika kipindi cha kwanza endesha kwa nusu ya uwezo, kisha urudi ukafungue boneti: tafuta unyevu kwenye hosi, oili chini ya injini, nati iliyolegea, waya ulioungua. Weka zaidi ya robo tangi ya petroli, kwani chini ya hapo injini hukohoa kwenye kona ndefu. Ongeza kasi tu pale ambapo kipindi kilichopita hakikuacha kazi ya kufanya.

Ukaguzi wa kwanza wa mwaka ufanyike wiki kadhaa kabla ya mbio, wala si asubuhi ya mbio. Njoo na gari safi, ndoano za kuvutia mbele na nyuma, fomu iliyojazwa, na vifaa vyote vya kuvaa vikiwa na lebo zake. Mkaguzi akiridhika hutoa daftari la gari lenye picha na namba ya kizimba, na kila dosari itakayoonekana baadaye, pamoja na kila ajali, huandikwa humo. Akikataa jambo, mwombe akuonyeshe namba ya kifungu, uiandike, urekebishe kitu hicho peke yake, kisha umrudie mkaguzi huyo huyo.